Simu, Mfamasia na Jamaa wa Nje: Wairani Wanavyotafuta Habari za Afya



Iran iliunganishwa na intaneti mwaka 1993, kupitia taasisi ya utafiti wa fizikia na hisabati jijini Tehran, mapema kuliko karibu majirani zake wote. Miaka 25 baadaye, programu moja tu ya mawasiliano, Telegram, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 40 katika nchi hiyo, yaani karibu nusu ya wananchi wote. Kiajemi kina maandishi mengi mtandaoni, kuanzia makala za vyuo vikuu vya tiba hadi video fupi za madaktari wa ngozi. Kwa hiyo nisipoteze muda wenu kuthibitisha kwamba Wairani wanayo teknolojia. Wanayo, na wanaitumia kwa ustadi.

Ninachotaka kukisema ni hiki. Mwirani anapochukua simu kutafuta habari ya afya, mara nyingi anatafuta mtu wa kumwamini, na mara nyingi zaidi anataka kujua dawa yenyewe iko wapi. Kila mlango wa kumfikia mtu huyo ulipofungwa, iwe kwa uchujaji wa mtandao unaofanywa na serikali yake au kwa vikwazo vya Marekani, utafutaji haukukoma. Ulihamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa daktari kila mara.

Kabla ya simu

Huko vijijini, habari za afya zilikuwa na sura ya mtu kabla hazijawa na kioo cha simu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vita na Iraq vikiwa bado vinaendelea, Iran ilisambaza nyumba za afya nchi nzima. Ni vituo vidogo vya kijiji visivyo na daktari, na leo viko zaidi ya 17,000. Kila kimoja huhudumia watu wapatao 1,500 wa kijiji kikubwa na vitongoji vyake. Anayefanya kazi humo huitwa behvarz, mwanamke au mwanamume wa hapo hapo kijijini, aliyepelekwa wilayani kusomea kazi hiyo kwa miaka miwili kisha akarudi kwao. Anajua nani ana mimba, nani ana kisukari, mtoto wa nani hajamaliza chanjo.

Ukutani mwa nyumba ya afya kulikuwa na chati kubwa ya duara iliyobadilishwa kila mwaka, iitwayo zij-e hayati. Duara lilianzia Farvardin, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiirani, na kila mtoto aliyezaliwa aliandikwa kwenye mwezi wake. Vifo navyo viliandikwa, na umri wa marehemu. Mama aliyekwenda kupima uzito wa mtoto aliweza kuinua macho akaona kwamba mwaka huu kijiji chake kimezika watoto wachache kuliko mwaka jana. Naitaja chati hii kwa sababu nayo ni teknolojia ya habari, na sijui nyingi zilizomweleza mwananchi hali ya kijiji chake waziwazi kuliko hiyo.

Katika muongo wa 2010 kumbukumbu hizo zilihamishiwa kwenye kompyuta, katika mfumo wa taifa uitwao SIB. Faida zake hazina ubishi: faili haliliwi na panya, na mgonjwa anayehama kijiji anafuatwa na historia yake. Lakini lile duara la ukutani lilisomwa na kila aliyeingia, ilhali mfumo wa kompyuta husomwa na mwenye nywila. Wanaopanga kuweka afya kwenye kompyuta, popote walipo, naomba walifikirie hilo kabla hawajaishusha karatasi ukutani.

Jambo kama hilo lilitokea pia mijini. Mwaka 2021 mfuko mkubwa wa hifadhi ya jamii uliacha kutoa vile vidaftari vya bima ambavyo daktari alikuwa akiandikia dawa, na maagizo ya dawa yakawa ya kielektroniki. Daktari anaingiza dawa kwenye mfumo, mgonjwa anakwenda duka la dawa na namba yake ya kitambulisho cha taifa, basi. Mtandao ukikatika, foleni inasimama. Zaidi ya hapo, bibi mwenye shinikizo la damu, aliyekuwa akimwonyesha mjukuu wake kidaftari na kumuuliza, "Hii ya pili ni ya nini?", sasa hana cha kumwonyesha. Ana namba tu kwenye simu. Mjukuu naye inabidi asome jina la dawa kwenye kopo, kisha aliandike Google.

Dawa iko wapi

Tangu Marekani iliporudisha vikwazo mwaka 2018, swali linaloulizwa sana kwa simu katika familia zenye wagonjwa wa kudumu ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: nani ana dawa hii? Kwa maandishi ya sheria, dawa na chakula havimo kwenye vikwazo. Kwa vitendo, benki za nje ziliogopa kupitisha malipo ya Iran, na kampuni nyingi ziliona afadhali zisiuze kabisa kuliko kujiingiza kwenye kesi. Watoto wenye ugonjwa wa ngozi wa epidermolisisi bulosa, ambao ngozi yao huchubuka kwa kuguswa tu, walikosa bendeji maalumu kutoka Sweden. Wagonjwa wa kifafa na wa saratani walipata dawa mwezi mmoja, wakaikosa mwezi uliofuata.

Chukua mama wa Shiraz ambaye mtoto wake ana kifafa na kopo la dawa limebaki na vidonge vya wiki moja. Analipiga kopo picha, upande wa jina na upande wa miligramu. Picha anaituma kwenye kundi la Telegram la wazazi wenzake. Mmoja anamjibu kwamba aliiona juzi kwenye duka fulani la Isfahan. Mwingine anamshauri ampigie ndugu aliye Tehran ajaribu duka la 13 Aban, linalojulikana kwa dawa adimu. Wa tatu anayo shemeji anayesafiri Istanbul mara kwa mara. Wa nne, ambaye mtoto wake amebadilishiwa dawa, anayo makopo mawili yaliyobaki na anayatoa bure. Ndani ya saa chache mama huyu amepata habari ambazo hakuna tovuti ya wizara ingempa, kwa sababu habari aliyoihitaji ilikuwa kwenye kabati za watu.

Makundi ya namna hii ni ya kuheshimiwa sana. Lakini simu hiyo hiyo inampeleka pia kwa walanguzi. Mtaa wa Nasser Khosrow, katikati ya Tehran, umejulikana kwa miaka mingi kwa dawa za magendo. Vijana husimama kando ya barabara wakinong'ona majina ya dawa kwa wapita njia. Siku hizi mtaa huo umeingia mtandaoni: picha ya kopo, bei, namba ya simu, na pikipiki italeta. Wakati wa wimbi kali la korona mwaka 2021, dawa kama remdesivir ziliuzwa hivyo kwa bei ya kumfilisi mtu, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kama ndani ya chupa mna dawa au maji.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Iran ilijibu tatizo hili kwa kitu kidogo ambacho nakiona cha maana sana. Bidhaa zilizopitia njia halali zina lebo ya uhalisi. Mnunuzi anakwangua sehemu iliyofunikwa, kama anavyokwangua vocha ya simu, anazikuta tarakimu, anazituma kwa meseji ya kawaida au kupitia programu ya mamlaka, na anajibiwa kama bidhaa ni halali. Hahitaji intaneti yenye kasi wala kujua kusoma makala za kitabibu. Zoezi zima linamalizika akiwa bado amesimama mbele ya kaunta, fedha zikiwa bado mkononi.

Mwaka wa korona

Iran ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 19 Februari 2020, katika mji wa Qom. Nchi ilikuwa bado na kidonda. Mwezi uliotangulia, jeshi lilikuwa limeidungua ndege ya abiria ya Ukraine karibu na Tehran, na serikali ikakana kwa siku tatu kabla ya kukiri. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wengi hawakuamini taarifa za wizara ya afya majuma machache baadaye aanzie hapo. Mtu aliyedanganywa kuhusu ndege hasahau haraka anapoambiwa idadi ya wagonjwa.

Nafasi hiyo ikajazwa na uvumi. Simu kwa simu ilisambazwa habari kwamba kunywa pombe kali kunaua virusi. Pombe imepigwa marufuku Iran, kwa hiyo aliyeitaka aliipata kwa wapishi wa gizani, na baadhi yao waliuza methanoli, kemikali ya viwandani. Sheria ilitaka methanoli itiwe rangi ili watu waitambue. Wauzaji waliiondoa rangi hiyo kwa dawa ya kung'arisha nguo, wakaiuza kama kinywaji. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Aprili 2020, kwa hesabu ya mamlaka ya uchunguzi wa vifo, zaidi ya watu 700 walikufa. Maelfu walitiwa sumu na wengine walipofuka macho. Hii ndiyo hesabu ninayoomba ibaki vichwani mwenu kila mtu anapozungumzia habari potofu kana kwamba ni jambo la maneno matupu.

Lilikuwapo pia soko la tiba za kidini. Iran ina urithi mkubwa wa tiba asilia. Ibn Sina alizikwa Hamadan, na maduka ya mitishamba, attari, yamo katika kila soko. Watu wengi huchanganya chai ya maua na vidonge vya hospitali bila kuona mgongano wowote, na mara nyingi hakuna mgongano. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2020 ilisambaa video ya shehe mmoja anayejiita mtaalamu wa tiba ya Kiislamu akikichoma moto kitabu maarufu cha tiba ya ndani ambacho wanafunzi wa udaktari husoma dunia nzima. Wanazuoni wenzake wa Qom walimlaani. Yeye aliendelea kuwahutubia wafuasi wake wa Telegram, na baadaye akawashauri watumie mafuta ya urujuani dhidi ya korona. Programu ambayo serikali ilikuwa imeifungia tangu Aprili 2018, kwa hoja ya usalama wa taifa, ilibaki wazi kabisa kwa kila mwenye VPN, yaani programu ya kuruka uchujaji, awe mfamasia au tapeli.

Serikali ilikuwa na njia zake. Ilifungua namba ya simu ya bure, 4030, ambako mtu aliweza kuzungumza na mhudumu kuhusu dalili zake, na tovuti ya kujipima kwa maswali. Namba ya simu ilisaidia sana wazee. Lakini tangu 2018 ofisi za umma zilikuwa zimezuiwa kutumia programu za nje, zikahamia za ndani kama Eitaa, Bale na Soroush. Maelekezo rasmi yakawa yanatumwa huko, ilhali raia wengi walikuwa bado Telegram, WhatsApp na Instagram. Wenye elimu na wenye kuihitaji walikuwa wamesimama kwenye viwanja viwili tofauti.

Kisha ikaja chanjo. Tarehe 8 Januari 2021 kiongozi mkuu, Ali Khamenei, alipiga marufuku kuagiza chanjo za Marekani na Uingereza. Kufika kiangazi, wenye uwezo walikuwa wakisafiri Armenia kwa basi na kwa ndege kwenda kuchanjwa, huku wakielekezana kwa simu mahali pa kwenda na masharti ya mpakani. Hata hapo, aliyeipata chanjo ni yule aliyekuwa na jamaa wa kumweleza njia, pamoja na nauli.

Yasiyoulizwa hadharani

Katika yote niliyosoma kuhusu suala hili, sehemu inayonigusa zaidi ni ya wanawake na uzazi. Baada ya vita na Iraq, Iran iliendesha mpango wa uzazi uliostaajabisha ulimwengu. Mwanamke wa Kiirani aliyekuwa akizaa watoto zaidi ya sita kwa wastani katikati ya miaka ya 1980 alifika watoto wawili hivi kwenye mwaka 2000. Behvarz ndiye aliyegawa vidonge na kondomu bure, na wachumba walihudhuria darasa la uzazi kabla ya kufunga ndoa. Yule mwanamke wa kijijini alikuwa na mtu wa kumuuliza, mtu wa kabila lake, kwa lugha yake, iwe Kikurdi, Kiazeri au Kibaluchi.

Sera ikageuka. Sheria ya mwaka 2021 ya kuongeza idadi ya watu ilizuia ugawaji wa bure wa dawa za uzazi wa mpango katika vituo vya umma, ikabana upasuaji wa kufunga kizazi na hata vipimo vya kawaida vya afya ya mimba tumboni. Behvarz ni yule yule na chumba ni kile kile, ila hapo mlango wa swali hili umefungwa. Maswali yamehamia kwenye simu. Msichana wa Zahedan anauliza usiku, kwa jina la kubuni. Mwanamke aliyeolewa anasoma majibu ya wanawake wenzake kwenye mtandao wa akina mama, mengine yakiwa ya busara na mengine ya hatari. Vidonge vya kutoa mimba vinauzwa Telegram, bila maelekezo, na mtu asiye na jina.

Hapo pia lugha inabagua. Mtandaoni, maandishi ya afya ni ya Kiajemi karibu yote. Bibi wa Kibaluchi ambaye hakusoma shule alielewana na behvarz wake bila shida. Mbele ya simu anamhitaji binti yake, na kuna maswali ambayo mama hawezi kumtuma binti yake ayaulize.

Majeruhi wa 2022

Mahsa Amini, msichana aliyekuwa amekamatwa na polisi wa maadili, alifariki tarehe 16 Septemba 2022, na nchi ikalipuka kwa maandamano. Ndani ya wiki hiyo Instagram na WhatsApp zilifungiwa. Vijana waliopigwa risasi za marisau waliogopa kwenda hospitali, kwa kuwa maofisa wa usalama walikuwa wakiwasubiri huko. Jeraha la marisau haliwezi kungoja. Basi picha za migongo na mapaja yaliyotobolewa zilitumwa mtandaoni, na wale wenye VPN, kwa madaktari wa asili ya Iran walioko Marekani na Ulaya, wakiwa kazini kwao, nao walijibu: safisha kwa maji ya chumvi, usichokonoe kilichoingia ndani sana, nionyeshe tena kesho. Ndani ya nchi, wako madaktari na wauguzi waliokwenda majumbani kimya kimya, na baadhi walikamatwa. Mamia walijeruhiwa macho, na mabingwa wa macho wa Tehran waliandika barua ya pamoja kuonya kuhusu risasi hizo.

Sidhani kuna mfano ulio wazi zaidi wa maana ya kufunga mtandao kwa upande wa afya. Aliyefunga Instagram alisema anazuia fujo. Kilichozuiwa, kwa kijana mwenye chuma mgongoni, ni daktari wake.

Ukuta wa pili

Tusidhani vizuizi vinatoka upande mmoja tu. Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za Kiirani kwenye duka lake kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Huduma nyingi za mtandao za nje hukataa anayeingia kutoka Iran, au hudai malipo kwa kadi ambazo hakuna benki ya Iran inayoweza kuzitoa. Mwanafunzi wa udaktari wa Tabriz anaweza kuhitaji VPN asubuhi kuruka kizuizi cha serikali yake, na mchana akaihitaji tena kuruka kizuizi cha kampuni ya California. Wairani wenyewe wamejenga vya kwao kuziba pengo: duka la programu la Cafe Bazaar, Paziresh24 ya kuweka miadi na daktari, huduma za kuzungumza na daktari kwa simu. Baraza la madaktari nalo limeweka wazi orodha yake, ili mgonjwa aliyeona tangazo la upasuaji wa pua Instagram aweze kuhakikisha kwamba huyo anayejiita daktari ana namba ya usajili.

Huduma hizo za ndani zina sifa moja ambayo watetezi wa intaneti ya kitaifa huitaja sana: mtandao wa dunia ukizimwa, zimejengwa ili ziendelee. Novemba 2019 intaneti ya nje ilizimwa kwa karibu wiki moja, benki na tovuti za ndani zikabaki zikifanya kazi. Juni 2025, wakati wa vita na Israel, ilizimwa tena. Safari hiyo baadhi ya waliopiga simu nyumbani kutoka nje walipokewa na sauti ya mashine badala ya ndugu zao. Miadi ya daktari unaweza kuiweka katika siku kama hizo. Kumuuliza binamu aliye Hamburg kama dawa ya figo imepatikana huwezi, na yule mama wa Shiraz hawezi kumfikia yule msafiri wa Istanbul.

Watafiti mlioko hapa mnaoandaa madodoso kuhusu afya na teknolojia, iwe ni kwa Wairani au kwa watu wengine, naomba msiishie kwenye swali la mtu anatumia kifaa gani na mara ngapi kwa wiki. Muulizeni alimuuliza nani kwanza alipougua, kwa nini alimwendea huyo, na aliwezaje kujua kama jibu alilopewa ni la kweli. Kisha muulizeni angemwendea nani kama simu yake isingekuwa na mtandao siku ile.